Nani Aliushona Mfarishi Huu?



Ukienda kwa fundi kuchukua gauni lako, tazama chini ya cherehani. Utaona kirundo: ncha za vitenge, pembe za bitana, mikono ya mashati iliyofupishwa, vipande vyembamba vilivyobaki kwenye sare za harusi. Jioni fundi anafagia, anajaza kwenye kiroba. Vingine vitakwenda kujaza mito, vingine vitachomwa moto pamoja na takataka. Kila nikikiona kiroba kile nakiona kitanda cha mtoto. Ndani yake mna kitu cha kumfunika mtu usiku kucha, na wapo wanawake, wa mbali na wa karibu, waliolijua hilo zamani, wakakaa chini wakashona huku nyumba ikiendelea na kelele zake. Jioni ya leo ni yao.

Ninachozungumzia ni shuka nene la viraka, mfarishi kama wazee wa pwani wanavyouita. Juu ni viraka vilivyounganishwa. Katikati kuna kitu cha kuleta joto, mara nyingi blanketi lililokwisha kuchakaa. Chini ni kitambaa kimoja kipana. Kisha sindano inapita tabaka zote tatu kwa bandi, mstari baada ya mstari, hadi vitu vitatu viwe kimoja. Huku Iringa ninakoishi, usiku wa Juni na Julai unamtaka mtu ajifunike kwelikweli, na blanketi jipya la maana lina bei ambayo si kila nyumba inaimudu kwa kila mtoto. Kwa hiyo sizungumzii pambo la chumba.

Wengi huniambia: ningependa sana, lakini sina nafasi. Nitaanza watoto wakikua. Nitaanza nikipata chumba cha ziada. Ndugu yangu, kazi hii haikuzaliwa kwenye nafasi. Ilizaliwa jikoni, barazani, pembeni mwa kitanda cha mgonjwa. Kiraka kinashonwa maharage yakichemka. Mstari mmoja wa bandi unakwisha mtoto akisoma kwa sauti somo lake la shule. Mtu akipiga hodi unachomeka sindano kwenye kitambaa, unakwenda kumpokea, unamwandalia chai, na ukirudi unaikuta palepale ulipoiacha. Shughuli inayodai utulivu wa saa nyingi haiwezekani katika nyumba yenye watu. Hii inawezekana kwa sababu imegawanyika vipande tangu mwanzo.

Tena haibaki kuwa ya mtu mmoja. Kwangu, kitindamimba ndiye anayetunga uzi kwenye sindano, maana macho yake yanaona tundu ambalo bibi yake halioni tena. Binti yangu anapanga rangi, na hapo pana ubishi: hataki bluu ikae jirani na zambarau, na mara nyingi ameniridhisha kwamba yuko sahihi. Mume wangu alileta mwenyewe shati alilolivaa siku walipokuja kwetu kuleta posa. Kola ilikuwa imekwisha, lakini mgongo ulikuwa mzima. Sasa uko katikati ya mfarishi wa kijana wetu mkubwa aliyeko shule ya bweni. Mama mkwe, mzaliwa wa Pangani, anapitisha kidole juu ya mishono yangu na kusema, "Mwanangu, hapa bandi imekwenda mbio." Namjibu, "Ndiyo, mama," kisha nafumua. Hajawahi kukosea hata mara moja.

Nataka sasa nikupeleke mbali kidogo, msikilizaji, katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani. Huko mto Alabama unapinda na kuizunguka ardhi kwa pande tatu. Katika pindo hilo kuna kijiji ambacho ramani zinakiita Boykin, ila wenyewe wanakiita Gee's Bend. Lilikuwa shamba kubwa la pamba. Katika miaka ya 1840 lilinunuliwa na bwana aitwaye Mark Pettway, aliyehamia hapo kutoka North Carolina na watumwa wake wapatao mia moja, wao wakitembea kwa miguu. Utumwa ulipofutwa, watu wale walibaki palepale wakilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi, na jina la Pettway wakabaki nalo. Hadi leo ndilo jina la familia nyingi za kijiji hicho.

Mwaka 1932 kijiji kilipatwa na pigo. Mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha alifariki, na warithi wake wakaja kudai deni. Walichukua mifugo, zana za kulimia na chakula kilichokuwa ghalani. Watu waliingia kwenye majira ya baridi mikono mitupu. Nyumba zao zilikuwa za mbao zenye nyufa, na ili kuzuia upepo walibandika ukutani kurasa za magazeti. Mpigapicha Arthur Rothstein alitumwa na serikali huko mwaka 1937, na picha zake zinazionyesha kuta hizo. Sasa fikiri: baridi ya namna hiyo, watoto wengi, fedha hakuna. Mama atafanya nini? Atachukua ovaroli iliyokwisha magotini, mifuko ya mbolea, mashati yaliyotobokatoboka, na atashona. Katikati ya tabaka walitia hata pamba iliyofagiwa sakafuni mwa kiwanda cha kuchambulia.

Nimezitazama picha za mifarishi ile kwa muda mrefu, na kuna jambo moja linalonishika kila mara. Kwenye viraka vilivyotokana na suruali za kazi unaona mahali palipokuwa na mfuko. Mfuko umefumuliwa, na chini yake rangi imebaki bluu ya giza, jua halikuifikia, wakati kitambaa kilichouzunguka kimepauka kwa miaka ya kuinama shambani. Goti limepauka zaidi kuliko paja. Mshonaji hakuficha hata kimoja. Aliviweka vikaonekana, akavipanga kwa jicho lililojua kinachofaa kukaa mkabala wa kingine. Kazi ya mume wake imeandikwa pale, na kazi yake mwenyewe imeandikwa juu yake kwa uzi.

Mwaka 1942 mwanamke mmoja wa kijiji hicho, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Alichukua nguo zake za kazini akazishona mfarishi, bintiye Arlonzia akimsaidia. Ni Arlonzia aliyesimulia habari hiyo baadaye alipokuwa mzee: kwamba mama yake alitaka kumkumbuka marehemu kwa kujifunika nguo zake. Hapa kwetu tunajua uzito wa nguo za marehemu. Tunazigawa kwa utaratibu, kwa heshima, na mara nyingine kwa machozi. Yule mama naye alikuwa na utaratibu wake, na sioni ulio bora zaidi.

Mwenzetu mwingine wa hapo ni Loretta Pettway. Yeye alisema bila kuficha kwamba kushona hakukumpendeza. Alishona kwa sababu watoto walihitaji kufunikwa. Nampenda kwa ukweli huo. Tunapenda kuwapamba akina mama kwa kusema kila walichokifanya walikifanya kwa furaha na upendo usio na kipimo. Mifarishi ya Loretta ni mizuri ajabu, na ilitoka kwenye mikono iliyochoka. Uchovu haukuondoa ustadi. Na ustadi usitufanye tuusahau uchovu.

Kijiji kile pia kilishiriki kudai haki ya kupiga kura. Kivuko kilichowavusha kwenda mji wa Camden, mahali pa kujiandikishia, kilisimamishwa mwaka 1962, na huduma haikurudi hadi mwaka 2006. Martin Luther King alifika kuwahutubia mwaka 1965. Mwaka uliofuata wanawake wa eneo hilo, pamoja na kasisi Francis X. Walter, waliunda ushirika wa washonaji ulioitwa Freedom Quilting Bee, ili kazi ya mikono iwaingizie kipato wakati ambapo waliodai haki walikuwa wakifukuzwa kazi na kwenye nyumba za kupanga. Mwaka 1972 ushirika ulipata kazi ya kushona foronya za kitambaa kizito chenye mistari ya manyoya kwa ajili ya duka la Sears. Mabaki yalikwenda nyumbani, na mifarishi ya miaka ile unaitambua kwa kitambaa hicho: dhahabu na kijani cha parachichi.

Baada ya miongo mitatu, mwaka 2002, mifarishi ya Gee's Bend ilitundikwa ukutani katika jumba la sanaa la Houston, kisha katika jumba la Whitney huko New York. Watu walipanga foleni kuitazama. Mwaka 2006 posta ya Marekani ilitoa stempu kumi zenye picha zake. Mwaka 2007 baadhi ya washonaji walifungua kesi kuhusu malipo na haki ya kutumia kazi zao, na mwaka 2008 kesi hizo zikamalizwa kwa makubaliano. Nayataja haya kwa makusudi. Sifa ni jambo jema, lakini mtu aliyeshona anastahili sifa na anastahili pia kulipwa.

Je, Alabama inatuhusu nini sisi? Inatuhusu kupitia pamba yenyewe. Katika karne ya 19, pamba iliyochumwa na watumwa wa kusini mwa Marekani ilipelekwa kwenye viwanda vya kaskazini, ikafumwa kitambaa, na wafanyabiashara wa Salem wakakileta Zanzibar kwa merikebu zao. Kuanzia miaka ya 1830 nguo ile, iliyoitwa marekani, ilivaliwa pwani na kusafiri na misafara hadi bara, mpaka vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Wamarekani vilipoikata njia mwaka 1861. Nguo waliyovaa babu zetu ilitokana na zao lililolimwa na babu za akina Pettway na wenzao.

Na kuna walio karibu zaidi. Katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, jimbo la Karnataka, India, wanaishi Wasidi. Mababu zao walitoka Afrika. Wengi walichukuliwa Msumbiji na kwingineko mashariki ya bara hili, wakapelekwa Goa na Wareno, na baadhi yao wakatoroka utumwa wakaingia msituni. Leo wapo Wasidi Wahindu, Waislamu na Wakristo, na wanawake wa dini zote tatu wanashona mifarishi ya viraka inayoitwa kawandi.

Namna yao inanifurahisha kwa sababu haihitaji chombo chochote zaidi ya sindano. Kule Alabama mfarishi hutandazwa kwenye fremu ya mbao, wanawake wakaizunguka wakishona pamoja na kuimba nyimbo za kanisani. Mwanamke wa Kisidi anakaa chini. Anatandaza sari kuukuu, hiyo ndiyo bitana, na anaanzia pembeni. Anaweka kiraka, anakunja ukingo wake kwa kidole, anapiga bandi, anaweka kingine, anapiga bandi. Anazunguka hivyo kutoka kando kuelekea katikati, viraka na mishono vikienda sambamba, hadi anapoifikia nafasi ya mwisho. Kwenye pembe nne anaweka kipande kilichokunjwa kama ua. Bila maua hayo, kwao mfarishi bado haujavikwa. Ninapoitazama mistari ile inayojizungusha najiambia: hawa ni ndugu zetu, na sijui ni wangapi kati yetu tunawafahamu.

Hata hapa pwani hatukuanza jana. Wanahistoria wa nguo husimulia kwamba mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua leso za mkononi zilizokuja kwa jora, wakazikata sita sita, wakaziunganisha tatu juu na tatu chini kupata nguo moja pana ya kujitanda. Wafanyabiashara walipoona vile wakaagiza nguo iliyochapwa ikiwa nzima. Mombasa bado wanaiita leso. Khanga tunayojivunia ilianzia kwenye sindano ya mwanamke aliyeunganisha vipande.

Sasa kama mkono umeanza kukuwasha, nikupe machache ya kuanzia. Tenga pamba na nailoni. Chomoa uzi mmoja, uwashe: pamba inaungua ikabaki jivu na harufu ya karatasi, nailoni na poliesta vinayeyuka na kuwa kidonge kigumu. Usivichanganye, kwa sababu pasi inayofaa pamba itaikunja nailoni, na jasho la mtoto halinyonywi na poliesta. Usishone jinzi ubavuni mwa khanga nyepesi. Jinzi itaivuta khanga mpaka ichanike kwenye mshono. Fulana za kuvutika ziache hadi mkono wako uzoee. Kila kitambaa kipya chenye rangi kali kifue peke yake mpaka maji yatoke safi, la sivyo ufuaji wa kwanza utaigeuza nyeupe yote kuwa waridi.

Bitana iwe pana kuliko upande wa juu, kama kiganja kila upande, maana bandi inakula kitambaa na upande wa juu unapenda kuteleza. Anza kwa kushikiza tabaka tatu kwa mishono mirefu ambayo utaifumua baadaye. Hatua hii wengi wanairuka kwa haraka ya kuona mwisho, na mfarishi wao unatoka na makunyanzi yasiyoondoka. Uzi uwe wa pamba, imara, na usizidi urefu wa mkono wako, kwa sababu uzi mrefu unajifunga mafundo. Sindano zichomeke kwenye kipande cha sabuni: zinapita kwenye kitambaa kizito bila kugoma, na unajua zilipo. Nyumba yenye mtoto anayetambaa, sindano zihesabiwe kabla ya kuanza na baada ya kumaliza. Hapo sina mzaha.

Kuhusu mpangilio, usitafute picha ya kuigiza. Wanawake wa Gee's Bend walikuwa na mitindo iliyozoeleka, kama ule wa paa la nyumba, ambapo vipande virefu vinazunguka kiraka cha katikati vikipanuka kuelekea nje. Lakini kila mmoja aliubadili alivyotaka, kitambaa kikiisha anaingiza kingine, mstari ukipinda anauacha upinde. Siku hizi nimeona watu wananunua kitenge kipya dukani, wanakikata vipande vilivyo sawa, wanaviunganisha tena ili vionekane viraka. Sikubaliani nao. Kitambaa kizima kina kazi yake ya kuvaliwa. Kiraka kina thamani kwa sababu kimetoka mahali: hiki ni gauni la shangazi la kipaimara, hiki ni pazia la nyumba tuliyohama, hiki ni sare ya shule ya kaka aliyefaulu. Watoto wangu hulala wakivitaja kimoja kimoja. Hakuna duka linalouza jambo hilo.

Nimebakiza neno moja, na ndilo lililonileta mbele ya kipaza sauti leo. Mama mkwe anao mfarishi wa zamani aliourithi, wenye viraka vya kaniki na khanga zilizofifia hadi maandishi hayasomeki. Mishono yake ni midogo, imenyooka. Nilimuuliza aliyeushona. Alitaja jina la bibi yake, akasita, akataja la mama mdogo wa bibi huyo, kisha akasema, "Mwanangu, sijui. Tuliukuta ndani." Hakuna aliyewahi kuuliza wakati wa kuuliza ulipokuwepo. Majina ya wanawake wa Gee's Bend tunayajua kwa sababu miaka ya 1990 ilipokuwa inakwisha, mkusanyaji wa sanaa William Arnett na wenzake walipita nyumba kwa nyumba wakiuliza wakati wazee wengi walikuwa hai. Waliokufa kabla ya hapo kazi zao nyingi ziliisha zikitumika, na majina mengi yakaenda nazo.

Kwa hiyo nakuomba, msikilizaji. Ukimaliza mfarishi wako, chukua uzi wa rangi inayoonekana, geuza upande wa bitana, na pembeni ushone jina lako, mahali ulipo, na mwaka. Usiseme ni kazi ndogo, usiseme mshono umepinda. Na kama mama yako, bibi yako au shangazi yako yupo hai na kuna kitu chochote alichokishona ndani ya nyumba yenu, foronya, kitambaa cha meza au mfarishi, nenda kwake wiki hii na kalamu. Muulize alikishona lini, kwa nguo za nani, na kwa ajili ya nani. Andika, umsomee, asahihishe.